Mjusi hana gundi wala vikombe, na hakuna mnyama aliyeamua kujibadilisha

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mkupuo: mjusi kafiri anatembeaje darini bila kuanguka, na alijuaje kwamba anahitaji miguu ya namna ile. La kwanza nitalijibu kwa kirefu kwa sababu nimelihangaikia mwenyewe. La pili lina kosa ndani ya swali lenyewe, na ni kosa nililolifundisha darasani kwa miaka kadhaa, kwa hiyo naona ni wajibu wangu kulisahihisha kila ninapokutana nalo.

Nilikuwa nafundisha baiolojia sekondari. Tulipofika mada ya viumbe na mazingira yao, niliandika ubaoni kwamba mjusi ana vikombe vya kufyonza kwenye vidole, kama vya pweza. Siku moja mwanafunzi wa nyuma kabisa akanyoosha mkono: "Mwalimu, kikombe cha kufyonza hakishiki kwenye ukuta wenye mikwaruzo, hewa inapenya pembeni. Mbona mjusi anashika popote?" Nikamwambia nitampa jibu kesho. Kesho hiyo ilichukua wiki tatu.

Katika wiki hizo ndipo nilipojifunza kutazama. Taa ya nje huvuta wadudu kwenye kioo cha dirisha, na mjusi huwafuata. Nikawa nakaa ndani gizani na tochi, nikizitazama nyayo zake kwa upande wa chini kupitia kioo. Kila kidole kilikuwa na mikunjo mipana iliyopangana kama mabati ya paa. Kilichonishangaza zaidi ni jinsi anavyonyanyua mguu. Hauvuti moja kwa moja. Kwanza anazikunja ncha za vidole kwenda juu, kinyume na tunavyokunja sisi, na kidole kinabanduka kuanzia mbele kurudi nyuma, kama plasta inayobanduliwa taratibu. Ila yeye hafanyi taratibu. Kufumba na kufumbua mguu umeshatua mahali pengine.

Asubuhi moja kioo kilikuwa kimeloa. Mjusi akajaribu kupanda, akateleza. Kikombe cha kufyonza hushika vizuri zaidi ukikilowesha. Huyu maji yalikuwa yamemharibia. Pale pale nikajua kwamba nilichoandika ubaoni hakikuwa kweli.

Halafu mwingine akabanwa na mlango akafa. Nikauchukua mzoga kabla haujakauka, nikaweka unyayo mmoja kwenye kioo. Nikiuvuta kuelekea kisigino, unanasa. Nikiusukuma kuelekea kwenye kucha, unaachia mara moja. Nilirudia mara nyingi sana. Misuli ya mfu haifanyi kazi, kwa hiyo hakuna kukaza wala kufyonza. Ule unasaji umo kwenye umbo la unyayo wenyewe. Mwaka 2014 watafiti walipima jambo hilo kwa vifaa na kukuta kwamba mjusi aliyetoka kufa hushika kwa nguvu ileile ya aliye hai.

Sasa sayansi yake. Ile mikunjo ya vidole imejaa vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Mjusi aliyechunguzwa zaidi ni tokay wa Asia ya Kusini-Mashariki, na miguu yake minne ina vinyweleo kama milioni 6.5 kwa jumla. Urefu wa kinyweleo kimoja ni kama sehemu ya kumi ya milimita, na kinaishia kwa kugawanyika matawi mamia, kila tawi likiwa na ncha bapa yenye upana wa nanometa 200 hivi (nanometa ni sehemu ya milioni ya milimita). Ncha ndogo kiasi hicho huufikia ukuta kwa ukaribu ambao ngozi yako au yangu haiwezi, hata tukibonyeza vipi, kwa sababu ngozi yetu hugusa vilele tu vya mabonde na milima midogo ya ukuta. Kwa ukaribu huo molekuli za unyayo na za ukuta huanza kuvutana kwa nguvu ziitwazo za van der Waals, kwa jina la Mholanzi aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1910. Nguvu hizo zipo kati ya vitu vyote, ila ni dhaifu mno na hufa kabisa pakiwa na mwanya kidogo. Mjusi ameziokota kwa wingi wa miguso.

Haikukubaliwa kirahisi. Mwaka 1934 mtafiti aitwaye Dellit aliitilia shaka dhana kwamba mjusi hunata kwa umeme tuli: alipitisha eksirei hewani ili chaji yoyote imwagike, na mjusi akaendelea kushika chuma. Mwaka 2000 mwanabaiolojia Kellar Autumn na wenzake walifanikiwa kupima kinyweleo kimoja peke yake. Kilivuta kwa nguvu ya takriban nyutoni 0.0002. Ukizidisha kwa vinyweleo milioni 6.5 vya miguu yote, unapata nyutoni 1,300, uzito wa kama kilo 130, kwa mnyama ambaye mwenyewe hafiki nusu kilo. Mwaka 2002 kundi hilo likaonyesha kwamba mguu hushika sawasawa kwenye kitu kinachopenda maji na kinachoyakataa, na hapo maelezo ya kwamba ni utando wa maji unaomgandisha yakapoteza nguvu. Mjadala bado una vipengele, kwa mfano unyevu wa hewa hulainisha vinyweleo na kuongeza mshiko, lakini gundi haimo: vidoleni hamna tezi ya kuitoa.

Na ule ukunjaji wa vidole niliouona dirishani? Kinyweleo huachia chenyewe kikifikisha pembe ya kama nyuzi 30 na ukuta. Akivuta kwa ndani, ananasa. Akikunja ncha juu, pembe inaongezeka, safu kwa safu zinaachia. Kwa maoni yangu hilo linashangaza kuliko kushika kwenyewe. Kushika kwa nguvu ni rahisi, hata utomvu wa mti unaweza. Kushika na kuachia mara kadhaa kwa sekunde bila kuchoka, hilo ndilo lililo gumu.

Sasa swali lako la pili. Hakujua, na hakuhitaji kujua. Tunaposema "mnyama alijibadilisha ili aweze", tunampa mnyama nia na mpango. Kinachotokea ni kwamba watoto wa mjusi mmoja hawafanani kabisa, tofauti nyingine zimo kwenye jeni, na wale ambao tofauti yao iliwafaa mahali walipo waliacha watoto wengi kuliko wenzao. Rudia hilo kwa maelfu ya vizazi. Hata vile vinyweleo havikuanza vikiwa vya kupandia. Ngozi ya mijusi ina vijimwiba vidogo mno ambavyo husaidia gamba la zamani kutengana na jipya wanapojivua, na maelezo yenye ushahidi mzuri ni kwamba vinyweleo vya vidoleni ni vijimwiba hivyo vilivyorefuka. Anoli wa Amerika, ambao ni ukoo mwingine kabisa wa mijusi, nao walipata vinyweleo vya kunata kwa njia yao. Na baadhi ya mijusi wa jamii ya kafiri waliohamia kwenye mchanga wa jangwa wamevipoteza, maana mchangani havina kazi. Kungekuwa na mpango, usingejenga kitu cha ajabu namna ile kisha ukakibomoa.

Ngamia ndiye mfano ninaoupenda zaidi hapa, kwa sababu karibu kila mtu huona kwamba ameumbwa kwa ajili ya jangwa. Nundu ni mafuta, si maji, hilo wengi mnalijua. Wasiolijua wengi ni kwamba hata kuyachoma mafuta hayo ili kupata maji hakumpi faida: oksijeni ya kuyachomea inamlazimu kupumua zaidi, na pumzi hutoka na mvuke. Faida ya kuweka mafuta yote mahali pamoja ni kwamba sehemu nyingine ya mwili haifunikwi na blanketi, joto linatoka. Kuhusu maji, anatumia mbinu nyingine. Mwanafiziolojia Knut Schmidt-Nielsen aliwachunguza ngamia katika Sahara miaka ya 1950 akakuta kwamba ngamia mwenye kiu huuacha mwili upate joto mchana na kupoa usiku, tofauti ya nyuzi sita hivi, kutoka 34 hadi zaidi ya 40. Sisi tungeita homa. Yeye hapo anaokoa lita za jasho. Akifika kisimani anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa muda mfupi, na chembe zake nyekundu za damu, ambazo ni za duaradufu tofauti na za mamalia wengine, hutanuka bila kupasuka.

Sasa sikia hili. Ukoo wa ngamia ulianzia Amerika Kaskazini. Mwaka 2013 ilitangazwa mifupa ya ngamia mkubwa iliyopatikana kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada, yenye umri wa miaka kama milioni 3.5. Wakati huo palikuwa na msitu, lakini majira ya baridi yalikuwa na miezi ya giza totoro. Waliochimba walipendekeza kwamba nundu ya mafuta na nyayo pana huenda vilifaa kwanza kwa njaa ya baridi na kwa theluji. Jangwa lilikuja baadaye na kukuta vifaa tayari. Nilipolisoma hilo niliacha kabisa kuwauliza wanafunzi "nundu ni ya kazi gani?" Nikawa nauliza "inafanya kazi vipi, na kabla ya hapo ilikuwa nini?"

Swali la "ya kazi gani" limewapotosha hata wataalamu. Kwa miaka mingi ilisemekana fuvu la kigong'ota lina sifongo ya kupunguza mshtuko. Mwaka 2022 watafiti walipompiga picha za video za kasi, fuvu lilionekana gumu kama nyundo, bila kupunguza chochote. Kupunguza mshtuko kungepunguza pigo analolihitaji. Ubongo wake unapona kwa sababu ni mdogo.

Na maumbile hubeba gharama na makovu ya zamani. Twiga ana presha ya damu karibu maradufu ya yetu, kwa sababu kila meta moja ya kupandisha damu hula milimita 78 hivi za zebaki (kipimo cha presha), na ubongo wake uko kama meta mbili juu ya moyo. Ngozi ngumu ya miguu inambana damu isijae chini. Hayo yanapendeza. Lakini mfuate neva mmoja unaokwenda kwenye zoloto lake, yaani kisanduku cha sauti: unatoka kwenye ubongo, unapita karibu kabisa na zoloto, unashuka shingo nzima hadi kifuani, unazunguka mshipa mkubwa karibu na moyo, kisha unapanda tena shingo nzima. Meta kadhaa kwa safari ya sentimita chache. Kwa samaki njia hiyo ni fupi na imenyooka. Shingo ilipopatikana na kurefuka, neva ulikuwa umeshanaswa upande usiofaa wa mshipa, na hakukuwa na namna ya kuukata na kuuunganisha upya.

Yule mwanafunzi nilimrudishia jibu, na lenzi ya mkononi pamoja na ule unyayo. Akautazama kwa muda, akauliza: "Sasa vumbi? Si vinyweleo vingejaa uchafu siku moja tu?" Utafiti wa 2005 ulionyesha kwamba mjusi aliyechafuliwa vidole hupata mshiko wake tena baada ya hatua chache kwenye kioo safi, kwa kuwa punje ya vumbi huvutwa zaidi na ukuta kuliko na ncha chache zinazoigusa. Na mwaka 2012 ikaonekana kwamba ule ukunjaji wa vidole kwenda juu, niliokuwa nikiuangalia gizani kupitia dirisha, huzirusha punje mbali kila anaponyanyua mguu.