Hesabu Minazi Kabla ya Wateja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ganda, kijiji cha karibu na Malindi huku pwani ya Kenya, alinipigia simu. Amepata mkopo wa kikundi na anataka kufungua mangwe, yaani kilabu cha mnazi, karibu na stendi ya Malindi, auze mitungi sita kwa siku ya tembo, pombe inayogemwa mnazini. Nikamuuliza ana minazi mingapi. Akajibu, "Minazi nitaitafuta, kaka. Kwanza nipate wateja." Nilinyamaza kidogo. Maneno hayo hayo ndiyo yaliyoimaliza biashara ya babu yangu, na niliyasikia yakisemwa nyumbani kwetu. Nayaandika hapa kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye nia kama yake.

Babu alianza kugema mwaka 1974, upande wa bara ya Gede. Minazi mingi haikuwa yake. Huku kwetu shamba laweza kuwa la mtu huyu na minazi iliyomo ikawa ya mwingine, na Babu alichukua miti ya watu kwa makubaliano ya mdomo: siku mbili pesa ya tembo ni yake, siku ya tatu ni ya mwenye mti. Mwenye mti naye alikuwa anasamehe nazi, kwa sababu kole, yaani kikonyo cha maua ya mnazi, likigemwa halizai.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mnazi ulimpa kama lita moja kwa siku, msimu mzuri ukazidi kidogo. Mgema mmoja alimudu miti 15, aipande alfajiri na jioni, kila mara apunguze ncha ya kole kwa kotama, kisu cha mgema, kata nyembamba kama ukucha. Akikata nene, kole linaisha kabla ya wakati wake. Akiacha kupanda siku mbili, kidonda kinakauka na tembo linakatika. Kwa hiyo miti 60 ilikuwa wagema 4 na mitungi 3 ya lita 20. Hapakuwa na njia ya mkato.

Mitungi ilipofika nyumbani, mama ndiye aliyekuwa hakimu. Alichuja kwa kilifu, ule wavu unaoota kwenye makuti ya mnazi, nyuki na vipande vya maganda vikabaki juu, kisha akachota kwa kata ya kifuu na kuiweka karibu na sikio kabla ya kuonja. Alikuwa anasikiliza povu. Tembo la alfajiri lilinong'ona tu; la jana lilikuwa linachemka kama mafuta yaliyotiwa kitunguu. Vifuniko vya mitungi havikukazwa kamwe, maana tembo linapochacha hutoa hewa, na mtungi uliokazwa huvimba hadi upasuke. Mtungi uliompendeza aliuchora mstari wa chaki. Usiokuwa na chaki haukupanda baiskeli kwenda mjini. Uliachwa ugeuke siki.

Miaka ya themanini na tisini, watalii walipojaa Malindi na Watamu, wajenzi na wafanyakazi wa hoteli walikuwa wengi na kiu yao ilikuwa kubwa. Babu akaongeza miti hadi 120 na wagema hadi 8, akafungua vituo vitatu. Alisimama kwenye mitungi 6. Aliyetaka wa saba aliambiwa, "Njoo kesho, mwanangu." Wengine walikasirika, lakini walirudi.

Hapa nitoke kidogo. Mwaka 1922 ndugu wawili kutoka Uingereza, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo, na bia ya Tusker ikapewa jina na picha ya mnyama huyo. Napenda kukumbuka kwamba Waswahili tayari walikuwa na neno moja kwa mnyama na kwa kinywaji. Ila biashara hizi mbili hazifanani hata kidogo. Shayiri huwekwa ghalani, na mwenye kiwanda akipata wateja zaidi huongeza pipa. Mnazi wetu mrefu ukiupanda leo, utasubiri miaka sita au saba kuona kole la kwanza, na tembo likishashuka mtini linachacha lenyewe, ukipenda usipende.

Babu alifariki mwaka 2003 na baba mdogo akashika biashara. Hakuwa mtu mbaya. Alisomesha watoto wa ndugu zake, mimi nikiwa mmoja wao, na sitaki mtu asome hapa adhani namsema marehemu. Alikuwa mchangamfu, hakujua kusema hapana. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa ameahidi mitungi 10, na miti ni ile ile 120. Minne inatoka wapi? Mwanzo ilitoka kwa majirani. Baadaye ilitoka Kaloleni kwa matatu ya usiku, ikafika mikali. Ukali ukafichwa kwa sukari, na upungufu ukazibwa kwa maji.

Halafu akabadilisha malipo ya wagema. Babu alimlipa mgema kwa mti: umepanda miti 15, chukua chako, mvua inyeshe au jua liwake. Baba mdogo alianza kulipa kwa lita, akiamini watajitahidi zaidi. Fikiria wewe uko juu ya mnazi, vidato vya kukanyagia vimeteleza kwa umande, kibuyu kimetoa nusu, na kisima kiko njiani ukirudi. Tembo letu likawa linatiwa maji mara mbili: njiani, kisha nyumbani. Watu walituimbia kila kona kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliyekuwa nabeba ndoo najua sifa haikuhusika. Maji yaliingia kwa sababu mtungi ulikuwa umeshaahidiwa na haupo.

Mama alijua. Asubuhi moja aliweka chaki juu ya dirisha na hakuigusa tena.

Mwaka 2009 ukoo mmoja wa jirani ulikuwa unaposa, wakaagiza kwetu kadzama ya mahari, yaani chombo cha tembo linalopelekwa kuposa. Mzee wa upande wa bibi harusi alionja, akaitua mboko, kibuyu cha kunywea, chini taratibu, hakusema neno. Yule aliyekaa kando yake alionja naye akatua yake. Kisha kadzama ilirudishwa kwa baba yangu mbele za watu, imejaa vile vile. Baba aliibeba kwa miguu hadi nyumbani, kama kilomita mbili, nami nikamfuata nyuma. Kwa Mgiriama, mtu wa huku kwetu, hilo si suala la bidhaa kurudishwa dukani. Mwezi ule tulipoteza nusu ya wateja, wala hatukuhitaji kuuliza sababu.

Mengine yalikuja juu ya kidonda. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile iliyoitwa kwa jina la mbunge John Mututho, ilitaka siku za kazi kileo kiuzwe kuanzia saa kumi na moja jioni. Tembo la alfajiri likifika saa hizo limeshakuwa kali, na aliyezoea tamu hakulitaka. Bia ya pipa ilikuwa rahisi na haibadiliki ladha. Vijana waliona pikipiki ina heshima kuliko kotama. Baba mdogo alipofariki, warithi wa mashamba waliuza viwanja, na wanunuzi wakakata minazi kwa sababu hakuna karatasi iliyosema miti ni ya nani. Amri ya kufunga mabaa ya mwaka 2020 ilikuta kituo kimoja tu, na hakikufunguka tena.

Kwa hiyo kijana wangu, haya ndiyo niliyokwambia kwa simu na narudia. Tembea na daftari uhesabu miti unayoweza kugema kweli, ugawe kwa 15 upate wagema, kisha ndipo uende stendi kutafuta wateja wa kiasi hicho tu. Mlipe mgema kwa mti. Makubaliano na mwenye minazi yaandikwe, wazee wawili watie sahihi, na ikiwezekana mwenye shamba pia. Mtafute mtu wa kuonja ambaye hauzi na hadaiwi na anayeuza. Tembo lililozidi usilichanganye na la leo. Liache liwe siki, akina mama wa achari wanalitafuta. Na ukiombwa la mahari, kageme mwenyewe.

Mimi nimebaki na minazi 15 na mgema mmoja, mtoto wa mmoja wa wale wanane. Kijana atakuja Jumamosi alfajiri. Mama amezeeka lakini bado anaonja, na nimemwekea chaki mpya mezani.