Kabla fundi hajashika tindo

Bili ya maji ilipokuja na yuniti 31, nilijua msoma mita kakosea. Kwetu Tabata tuko watano na mwezi wa kawaida hatuvuki yuniti 14. Nikatoka na tochi kwenda kusoma mwenyewe, nikakuta namba ni zilezile. Yuniti moja ni lita 1,000. Lita 17,000 zilikuwa zimekwenda, na uani kukavu, vumbi linatimka.

Fundi bomba niliyemwita alienda moja kwa moja kwenye doa la unyevu ukutani, chumba cha watoto. Akagongagonga kwa vidole, akasema bomba limepasuka humo ndani, tuvunje. Nikamwomba anipe siku mbili tatu. Maji hayana adabu ya kutokea pale yanapovujia. Hutambaa chini ya vigae na kufuata ufa, na doa unaweza kulikuta mbali kabisa na tundu.

Kuna ushauri utausikia kila mahali: funga mabomba yote, kaangalie mita. Kwa sisi wenye simtanki hautoshi, maana tanki likiwa linajaa mita itazunguka tu, hata kama nyumba nzima ni salama. Mimi nilifunga koki ya kuingilia tankini, nikachuchumaa mbele ya mita. Katikati ya kioo kuna kigurudumu kidogo chenye meno, ambacho hata maji kidogo sana hukizungusha. Nikakikodolea macho dakika kumi, hakikutikisika. Basi bomba la kutoka mita hadi tankini zima. (Hakikisha tu siku hiyo maji yapo, na kwamba hayajarudi muda huohuo baada ya mgao. Hewa iliyobaki bombani nayo huzungusha mita.)

Ikabaki nyumba. Saa nne usiku, kila mtu keshaoga, nikaifunga tena ile koki, nikapanda kwenye mnara na kuzamisha mpini wa ufagio hadi chini ya tanki. Maji yalipoishia nikaweka alama kwa kalamu ya wino mzito. Nikapiga marufuku bomba lolote kufunguliwa hadi alfajiri. Wa kwenda chooni atumie ndoo tulizochota mapema. Mama mkwe alikuwa kwetu wiki ile, na hadi leo ananiita "mkuu wa idara ya maji".

Saa kumi na moja alfajiri maji yalikuwa yameshuka sentimita 17. Tanki letu ni la lita 1,000 na kimo cha maji likijaa ni kama mita moja, kwa hiyo kila sentimita ni lita 10 hivi. Lita 170 kwa saa saba! Piga hesabu ya mwezi, unapata yuniti 17 na ushee. Mwizi wangu ni huyo.

Usiku wa pili nikarudia yote, ila safari hii nikafunga na koki ndogo ya choo cha ndani. Asubuhi alama ilikuwa palepale. Nikaifungua, nikakoroga bluu ya kufulia ndani ya tanki la choo na kukaa nusu saa bila kuvuta maji. Bakuli likageuka samawati. Ule mpira unaoziba tundu la chini ulikuwa umekakamaa, unapitisha maji kimyakimya mchana na usiku. Mpya niliupata kwa bei ya sahani ya chipsi kavu.

Na doa? Tanki lilikuwa limetulia usiku kucha, kwa hiyo ukutani hakukuwa na bomba linalovuja. Upande wa pili wa ukuta ule ni bafu la ndani. Tukahamia bafu la uani kwa wiki nzima, ukuta ukaanza kukauka. Nikarudi bafu la ndani, nikamwaga ndoo moja polepole ndani ya tundu la maji machafu: ukuta mkavu. Kesho yake nikamwaga nyingine sakafuni, pembeni mwa ukuta, na kufikia jioni doa limerudi. Nilipoinama na tochi niliona saruji nyeupe kati ya vigae imeliwa, kucha inaingia.

Fundi alirudi na nyundo yake na tindo. Nikamkabidhi kilo moja ya saruji nyeupe na sponji, akacheka, akavua viatu.