Sanamu za Wangechi Mutu zinasema nini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Binamu yangu yuko New York kanitumia picha za wanawake wanne wa shaba nyeusi wamekaa mbele ya makumbusho ya sanaa ya Met, mwingine ana kisahani mdomoni. Kaambiwa ni kazi ya Mkenya. Sasa hapo mtu anatakiwa aone nini? Msomaji, Mombasa

JIBU: Asante sana ndugu yangu. Ni kazi ya Wangechi Mutu kweli, mzaliwa wa Nairobi 1972, na ziliwekwa pale 2019 kwa muda tu, sasa zimeshaondolewa. Ile sehemu ya mbele ya jengo ilimalizika 1902 na vile vishubaka vya ukutani vilijengwa kwa ajili ya sanamu lakini pesa ziliisha, vikabaki vitupu miaka 117 yote hiyo, wa kwanza kuvijaza akawa yeye!

Sasa angalia walivyokaa. Kwenye sanamu za kale za Ugiriki, na hata viti vya machifu wetu huku Afrika, mwanamke mara nyingine anachongwa amebeba mzigo, paa au kiti cha mfalme kiko juu ya kichwa chake. Mutu kawatua. Wamekaa wima, hawajabeba kitu, hawamtumikii mtu, na mimi hilo linanigusa mno. Visahani vinakumbusha mapambo ya wanawake wa heshima katika jamii mbalimbali za Afrika, vimeng'arishwa hadi vinarudisha mwanga wa jua.

Mwambie binamu azikuze zile picha, atazame na zile nguo zilivyojiviringisha mwilini.