Jibu: Kijiji cha wayeyusha shaba kitaishi kwa makuta gani?

Ndugu, umeuliza nani atalipa mfadhili akiondoka kwenye kijiji chenu cha kuonyesha namna wazee wa Katanga walivyoyeyusha shaba. Msitegemee tiketi peke yake. Williamsburg, mji wa kale kule Marekani unaoonyesha maisha ya zamani, ilifufuliwa kwa pesa za tajiri Rockefeller miaka ya 1920, na sisi Rockefeller wetu yuko wapi?

Nyasi za paa si kitu. Gharama ni mikono: mzee anayejua kupuliza mivukuto, makala yawake mpaka lile jiwe la kijani litoe shaba nyekundu, alipwe kila mwezi, vijana wawili pembeni yake wakijifunza. Misalaba midogo ya shaba, kama ile wazee waliyotumia kama pesa, watakayomimina mbele ya wageni iuzwe palepale, ingali na vuguvugu.

Shule za Lubumbashi zilipe ziara zao mapema, Septemba. Maana mvua ya Januari hamtaona mtu.