Gari Linagoma Siku Moja Moja? Weka Spana Chini Kwanza

Jumanne nilitoka kidogo kufuata vipuri. Narudi, nakuta stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, iko chini kwenye kipande cha boksi, imefunguliwa, brashi zimetolewa, na vijana wangu wawili wamejaa grisi hadi viwikoni, nyuso zimewachangamka. Gari lenyewe limeletwa kwa malalamiko kwamba kuna siku linagoma kuwaka. Nikauliza: lilipofika hapa liligoma? "Hapana fundi, liliwaka vizuri tu." Sasa stata mmeifungua kutafuta nini? Kimya.

Nawapenda vijana hawa. Wanafika kazini kabla yangu na hawachagui kazi. Lakini siku ile nilikaa kwenye tairi nikanywa maji kwanza ndipo nikaongea, maana kosa lile nalijua kwa jina na sura.

Gari lililokufa moja kwa moja halisumbui, utalifuata hatua kwa hatua hadi ulikute tatizo. Linalogoma leo na kuwaka kesho ndilo linalomharibia fundi jina. Haya ni kwa ajili ya hilo, hasa magari ya zamani, ya ufunguo wa kuzungusha na akselereta ya kebo.

1. Mwenye gari aigize sauti.

"Haliwaki" ni neno linalobeba magonjwa matatu tofauti. Kuna kimya kabisa, kuna "tak" moja ya soleno (swichi ya umeme iliyo kwenye stata) kisha basi, na kuna injini inazunguka vizuri ila haishiki. Mteja hajui tofauti na si kazi yake kuijua. Mwambie akuigizie kwa mdomo, usimcheke. Kisha uliza: lilikuwa la baridi au limetoka safari? Mvua ilinyesha? Alikuwa ametoka kujaza mafuta? Taa za dashibodi zilififia alipopiga stata, au zilibaki vilevile? Andika majibu kwenye karatasi, kwa sababu hilo swali la mwisho mimi niliwahi kujibiwa vizuri kabisa na nikalipuuza.

2. Usiguse terminali (vishikio vya waya kwenye betri), usitikise waya, kabla hujapima.

Hapa vumilieni, nitakaa kidogo.

Miaka ya nyuma, nikiwa nimeanza kujitegemea, alikuja dada mmoja muuguzi wa zamu za usiku. Gari lake lilikuwa linafanya "tak" na kunyamaza, labda mara moja kwa wiki. Akijaribu mara ya tano au ya sita, linawaka. Nikasikia "tak", nikasema stata. Nikaishusha, nikabadilisha brashi na kopa za soleno (vipande vya shaba vinavyopitisha umeme), nikarudisha. Likawaka mara ishirini mfululizo. Nikachukua hela, akaenda.

Baada ya siku tisa akarudi. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. Akaniambia, "Fundi, taa zinawaka kabisa, hata hazififii, halafu ndiyo inafanya tak." Sikilizeni hilo vizuri. Betri ikiwa dhaifu, ukipiga stata taa zinazimia. Taa zikibaki zinang'aa wakati stata haizunguki, maana yake moto, yaani umeme, hautoki kwenye betri kwenda kwenye stata kwa kiasi kinachotakiwa. Kuna mahali umezuiwa. Alikuwa amenipa jibu mkononi. Mimi nikamuuzia betri mpya.

Nilipofungua terminali na kufunga betri mpya, gari likawaka. Bila shaka liliwaka, maana nilikuwa nimetikisa waya zote. Siku hiyohiyo akaniambia pia kwamba kanyagio la mafuta limekuwa zito. Nikaangalia kebo ya akselereta, nikaona ganda lake limelainika na kujikunja karibu na injini. Nikaipaka grisi. Nikamwambia ni uzee.

Mara ya tatu gari lilimgomea saa tisa usiku, nje ya kazini kwake, peke yake kwenye maegesho. Alinipigia simu, sikuipokea, nilikuwa nimelala. Asubuhi nilipoiona ile simu ambayo sikuipokea, nilikaa kitandani muda mrefu. Nilikwenda pale gari lilipo badala ya kumwambia alilete. Na hapo, kwa mara ya kwanza, nililikuta limegoma na hakuna aliyeligusa.

Nikaweka mguu mmoja wa mita ya umeme kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha gia boksi. Nikamwomba apige stata. Pale panatakiwa pasome karibu na sifuri. Pakasoma volti 5 na kitu. Betri yenyewe ilikuwa imebaki juu ya volti 11, haijasumbuka hata kidogo. Waya wa athi, unaorudisha moto kwenye betri, kutoka bodi hadi gia boksi, unaofungwa bolti jirani kabisa na stata, ulikuwa umeoza ndani ya ganda. Niliufungua nikapasua ganda kwa wembe: unga wa kijani ukamwagikia kiganjani, na nyuzi za shaba zilizokuwa bado zimeshika kichwa cha waya hazikufika kumi.

Baada ya hapo kila kitu kikajieleza. Stata ilipona mara ya kwanza kwa sababu kuishusha kulinilazimu kuusogeza ule waya, nyuzi zikagusana. Zikaachana taratibu kwa mtikisiko wa injini. Na kebo ya akselereta? Athi ya injini ikikatika, moto wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na hupita kwenye chuma chochote kinachounganisha injini na bodi. Ulikuwa unapita kwenye ile kebo, unaichoma kidogo kila asubuhi, nami nikaipaka grisi.

Nilimrudishia hela ya stata na ya betri. Betri nikamwachia. Alinishukuru kwa upole, na gari lake likaendelea kutengenezwa na fundi mwingine. Ilikuwa haki yake.

Jambo moja bado. Ule waya nilikuwa nimewahi kuupima kwa mlio wa mita, na mita ililia "piii" vizuri, eti waya haujakatika. Uzi mmoja wa shaba unatosha kuiliza mita, kwa sababu mita inapitisha moto mdogo mno. Stata ya gari la petroli inavuta ampea 100 na zaidi. Waya wa stata hupimwa ukiwa kazini, yaani stata inapigwa huku mita inasoma volti. Mlio wa mita kwenye waya wa stata ni bure, naomba mniamini katika hili bila kungoja liwapate.

3. Namba za kukaa kichwani.

Betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Stata ikizungusha, betri isishuke chini ya 9.6. Upande wa athi usipoteze zaidi ya volti 0.3, na upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi bolti nene ya stata, usipite 0.5. Gusa nguzo yenyewe ya betri, si terminali, ili kama uchafu uko katikati yake uonekane. Alteneta, inayochaji betri injini ikiwaka, ikifanya kazi, soma kati ya 13.8 na 14.5.

4. Linagoma likiwa la moto tu, linazunguka bila kushika.

Fungua swichi hadi ON utege sikio nyuma: kwenye magari mengi ya injekta pampu ya mafuta inaunguruma sekunde kama 2 kisha inanyamaza. Kama haikuunguruma, usikimbilie pampu. Kwenye Honda za miaka ya 1980 na 1990 rilei kuu ya pampu, yaani swichi ya umeme inayoiwasha, ni mgonjwa wa kudumu: maungio ya risasi ndani yake hupata ufa mwembamba kama unywele, gari likikaa juani ufa unafunguka, jioni pakipoa unafunga. Ukifungua kile kiboksi uangalie kwa kioo cha kukuzia utaona duara jeusi kuzunguka mguu wa rilei. Yachomee upya maungio yote, usichague.

Pampu ikiwa nzima, tazama mshale wa mzunguko wa injini (RPM) kwenye dashibodi wakati stata inazungusha. Ukilala kabisa bila kucheza, nenda kwenye sensa ya krenki (inayohisi mzunguko wa injini) au kwenye distribyuta (inayogawa moto kwa plagi). Sensa ya krenki inayokufa kwa joto ukiipima imepoa itakuambia ni nzima, kwa hiyo ipime ikiwa moto.

5. Gia otomatiki: likigoma kwenye P, jaribu N. Likiwaka, swichi ya gia ndiyo yenye kesi. Ufunguo wa akiba nao ujaribiwe kama taa ya kufuli kwenye dashibodi inawakawaka, huenda gari halijautambua ufunguo.

6. Nyundo. Najua mnaipenda. Kugonga stata taratibu ikaamka kunaonyesha brashi au kopa zimekwisha, sawa, lakini stata nyingi zina sumaku za kudumu ndani, na sumaku inapasuka. Gongeni kama mnabisha hodi kwa mkwe.

7. Taa ya shahidi.

Hii ndiyo ningependa mwichukue kama hamchukui nyingine. Kama gari linakataa kugoma mbele yako, chukua balbu ndogo ya volti 12, upande mmoja uunganishe kwenye waya mwembamba wa soleno ukiwa na fyuzi, mwingine athi ya bodi, uipitishe hadi juu ya dashibodi. Mwambie mwenye gari: likigoma, angalia hii taa ndogo. Ikiwaka na stata haizunguki, tatizo liko kwenye stata yenyewe au waya zake nene. Isipowaka, rudi nyuma: swichi ya ufunguo, rilei, swichi ya gia au ya klachi. Hapo mteja atakuwa amekupimia, tena saa ileile ya ugomvi.

Lile gari la Jumanne stata yake imesharudishwa, na taa ya shahidi nimeifunga leo mchana. Atakayefika wa kwanza kesho aliwashe likiwa la baridi, aandike kwenye karatasi iliyo kwenye usukani. Likigoma, boneti ibaki imefungwa mpaka nifike na mita.