Umepata nafasi ya udaktari Ontario na benki zinakupigia simu: yaangalie haya kabla ya kusaini

Hongera sana, mdogo wangu. Umesema umepata nafasi ya udaktari Ontario, wazazi wako walikuja Kanada kama wakimbizi na hawana mali ya kuweka dhamana, na sasa benki mbili zinakupigia simu, kila moja ikidai inaweza kukufungulia laini ya mkopo (line of credit, mkopo unaochota kidogo kidogo) ya zaidi ya dola 300,000. Unataka kujua kama ni kweli, uchague ipi, na kama mzee asaini au asisaini. Mimi nilipita njia hiyo hiyo. Niko rezidensi sasa (mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo), laini yangu bado iko wazi na riba inaingia kila mwezi, kwa hiyo nakueleza kitu ninachoishi nacho.

Ni kweli, si matapeli. RBC, TD, Scotiabank, BMO, CIBC na National Bank zote zina laini za wanafunzi wa fani, na wa udaktari ndio wanaogombewa kuliko wote. Usidhani ni huruma. Daktari hapa ni nadra kukosa kazi, na aliyeanza na benki fulani akiwa mwanafunzi ndiye atakayerudi kwao kwa mkopo wa nyumba, akaunti ya kliniki na uwekezaji wake. Wanakuwahi mapema. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tumelelewa kuiogopa benki. Tunaingia tawini tumeinamisha kichwa na kushukuru kwa kila karatasi tunayopewa. Safari hii wewe ndiye unayetafutwa. Kaa vizuri, uliza, na ukitaka kuondoka na karatasi ukasome nyumbani, ondoka nazo.

Mzee asisaini. Ukiwa raia au mkaazi wa kudumu, tena una barua ya kukubaliwa chuo cha udaktari cha hapa, kwa kawaida benki hizi hazidai mdhamini, mradi historia yako ya mikopo haina doa. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba unakwenda tawi la jirani, unamkuta mtu ambaye hajawahi kushika faili la udaktari, anakufungulia fomu ya laini ya kawaida ya mwanafunzi. Hiyo ndiyo inayotaka mdhamini, kiwango chake ni kidogo na riba yake iko juu. Mimi nilianza hivyo hivyo, yule dada akaniambia kwa upole kabisa kwamba bila mzazi mwenye kipato haiwezekani. Benki ile ile, mshauri mwingine anayeshughulika na watu wa afya, hakumuulizia mzazi hata kidogo. Kwa hiyo ukipiga simu omba moja kwa moja mshauri wa wataalamu wa afya. Kila benki kubwa inao, na mara nyingi hawakai tawi la mtaani kwenu.

Sisi tunaichukulia sahihi ya mzazi kama baraka. Kwa benki, mdhamini ni mdaiwa kamili. Wewe ukikwama yeye ndiye anayefuatwa. Mzee ambaye pengine bado anarudisha serikalini ule mkopo wa nauli ya ndege uliomleta huku, usimwingize kwenye deni la laki tatu.

Kabla ya yote hayo, chukua ripoti yako ya mikopo kwa Equifax na TransUnion, kampuni mbili zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Kuiangalia mwenyewe ni bure na hakukupunguzii alama. Utashangaa mambo yanayokaa humo: bili ya simu uliyodhani imefungwa, anwani ya zamani, hata jina lililoandikwa kwa mpangilio mwingine, kitu ambacho kinawapata sana watu wa majina matatu kama sisi. Safisha kwanza. Benki ikikuchungulia rasmi, hilo linaandikwa kwenye ripoti yako, hivyo usijaze maombi sita kwa wiki moja. Ongea nao wote, waombe masharti kwa maandishi, ndipo uombe rasmi kwa mmoja, au wawili ukilazimika.

Sasa tuje kwenye riba, maana hapo ndipo watu wanapoteleza. Laini si mkopo wa kupewa fedha zote siku moja. Ni bomba: unalipia maji uliyochota tu. Ukifunguliwa 300,000 ukachota 20,000, riba ni ya hiyo 20,000, inahesabiwa kila siku na kutozwa kila mwezi. Ofa iliyozoeleka kwa wanafunzi wa udaktari ni riba ya msingi ya benki (prime) kutoa asilimia 0.25. Ukisikia "kutoa" unafurahi. Lakini inatolewa kwenye nini? Riba ya msingi inafuata riba ya Benki Kuu ya Kanada, na kwa miaka mingi sasa inakaa pointi 2.20 za asilimia juu yake. Benki Kuu ikipanda, na wewe unapanda karibu mara moja, hakuna wa kukuuliza.

Fanya hesabu. Mwaka 2020, wakati wa korona, riba ya msingi ilishuka hadi asilimia 2.45. Aliyekuwa na deni la 100,000 kwa ofa hiyo alikuwa analipa asilimia 2.20, sawa na dola 183 hivi kwa mwezi. Julai 2023 riba ya msingi ikafika 7.20. Deni ni lile lile, hajaongeza hata senti, na riba imekuwa dola 579 hivi kwa mwezi. Baadaye ikateremka tena, lakini waliokuwa wanachota miaka ile ya neema kwa mahesabu ya dola 183 walikiona cha moto. Ndiyo maana nakuambia ukipanga bajeti, panga kwa asilimia 7 hata kama leo iko chini. Ikibaki chini, hujapoteza kitu.

Halafu kuna jambo ambalo mshauri atakuambia kwa tabasamu: "Ukiwa masomoni unalipa riba tu." Mwanafunzi asiye na mshahara atalipa riba kwa fedha gani? Kwa laini yenyewe. Chukua taarifa yoyote ya mwezi uisome polepole. Kuna mstari wa riba iliyotozwa, tuseme dola mia mbili na kitu. Chini yake kuna mstari kwamba imelipwa. Kisha angalia salio: limepanda kwa dola zile zile mia mbili na kitu, kwa sababu ulizihamisha kutoka laini kwenda akaunti yako ya kawaida ili benki izichukue. Kwenye karatasi hudaiwi riba. Ukweli ni kwamba riba ya mwezi huu imegeuka deni, na mwezi ujao nayo itazaa. Miaka minne ya chuo, na rezidensi juu yake. Sikuambii usifanye hivyo, wengi wetu hatuna njia nyingine. Nakuambia ujue unachokifanya, na ukipata kibarua cha likizo, fedha za kwanza ziende kwenye riba ya miezi hiyo.

Kuhusu benki ya kuchagua, achana na ukubwa wa kiwango. Wote watakupa zaidi ya unachohitaji. Ada ya Ontario kwa mkaazi iko karibu dola 25,000 kwa mwaka. Ongeza kodi ya nyumba, chakula, usafiri wa kwenda hospitali za mbali ukianza wodini, ada za CaRMS (mfumo wa kuomba nafasi za rezidensi) mwaka wa mwisho na mtihani wa Baraza la Udaktari la Kanada, bado hufiki laki tatu ukiishi kwa adabu. Mimi ningeangalia kipengele cha siku ya kuanza kulipa deni lenyewe. Wengine wanakupa mwaka mmoja baada ya rezidensi, wengine miwili. Uliza: muda huo unahesabiwa tangu lini? Ukiongeza mwaka wa ubobezi baada ya rezidensi, saa inasimama au inaendelea? Ukiugua au ukijifungua ukachukua likizo ya masomo, inakuwaje? Riba ile ya kutoa 0.25 inabaki hivyo hadi unamaliza kulipa, au inapanda laini ikigeuzwa kuwa mkopo wa kawaida? Na je, kiwango chote kinafunguliwa siku moja au kinatolewa kwa mafungu ya kila mwaka? Mshauri akikujibu kwa mdomo, mwambie akuonyeshe ukurasa. Mikataba hii pia huwa na sentensi fupi inayosema benki inaweza kudai deni lote wakati wowote. Ni kawaida kuwemo, lakini ujue imo, na ndiyo sababu ya kutochelewesha malipo ya riba hata mwezi mmoja.

Zawadi za kadi bila ada, pointi na akaunti ya bure si mbaya, chukua. Ila zisiamue. Na yule mshauri wa fedha wa MD anayekuja wiki ya utambulisho na kuzungumza nanyi kama kaka mkubwa wa madaktari wote, kumbuka kampuni yake, MD Financial Management, iko chini ya Scotiabank tangu 2018. Hakuna ubaya kumsikiliza. Msikilize ukijua ameajiriwa na nani. Bima ya laini wanayokuuzia hapo hapo mezani usiikubali kabla ya kulinganisha na bima za chama cha madaktari cha mkoa, ambazo wanafunzi wanachama huzipata. Bima ya ulemavu ni muhimu kuliko ya kifo kwa mtu wa umri wako.

Kitu ambacho hukukiuliza lakini ningejikasirikia nisipokuambia: anza na mkopo wa serikali, laini iwe ya kuziba pengo. Sehemu ya serikali ya shirikisho ndani ya OSAP (mpango wa Ontario wa mikopo na ruzuku za wanafunzi) haitozwi riba tena tangu tarehe 1 Aprili 2023. Sehemu ya Ontario inatozwa ukishamaliza masomo, tena juu kuliko laini yako, na marejesho yanaanza baada ya miezi 6. Hapo ndipo wengi wanashawishika kufuta OSAP yote kwa laini wabaki na deni moja. Fikiri mara mbili. Riba unayolipa kwenye mkopo wa serikali inakupa nafuu ya kodi. Riba ya laini ya benki haikupi. Na ukiwa daktari wa familia anayefanya kazi vijijini au maeneo ya mbali yasiyo na madaktari wa kutosha, serikali ya shirikisho inaweza kukusamehe hadi dola 60,000 kwa miaka mitano, lakini inasamehe mkopo wake yenyewe. Ukishauhamishia benki, hakuna cha kusamehewa.

Kwa ndugu Waislamu wanaosoma hapa na wanaoona riba ni riba tu: mimi si shehe, siwezi kukutolea fatwa. Ninachojua ni kwamba ule mkopo wa shirikisho usio na riba, pamoja na ruzuku za chuo kwa wenye uhitaji, unaweza kupunguza sana kiasi utakachotafuta kwingine. Nenda ofisi ya misaada ya kifedha ya chuo na bajeti iliyoandikwa, waambie wazi kwamba hutaki mkopo wa riba. Si wewe wa kwanza kuwaambia hivyo.

La mwisho, na hili Wakanada wenzako darasani hawatalielewa. Usimwambie mtu yeyote wa ukoo kiwango cha laini yako. Hata mama, maana mama atafurahi, na furaha yake itafika Kigoma kabla ya jioni. Ikishasikika kwamba mtoto amepewa dola laki tatu na benki, hakuna atakayesikia neno "deni". Shangazi atatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, wa salamu na dua, na ombi litakuja dakika ya mwisho: bati za nyumba. Na ni ombi la haki, ndiyo shida yenyewe. Mimi niliamua kiasi cha kutuma nyumbani, nikakiingiza kwenye bajeti sawa na kodi ya nyumba, na kinatoka kwenye fedha nilizofanyia kazi. Kutoka kwenye laini hakitoki. Ukimtumia mtu dola 500 za laini mwaka wa kwanza, utakuja kuzilipa ukiwa daktari kamili, zikiwa zimeongezeka, na aliyezipokea ameshasahau. Wanaokuona mchoyo leo utawasaidia vizuri zaidi miaka michache ijayo.

Anza sasa hivi, usingoje Agosti. Maombi ya laini yanaweza kuchukua wiki kadhaa, na amana ya kushikilia nafasi chuoni haisubiri. Beba barua ya kukubaliwa, pasi au kadi ya ukaazi wa kudumu, namba yako ya SIN (namba ya utambulisho ya kazi na kodi), makadirio ya gharama ya chuo kwa mwaka, na taarifa ya madeni uliyo nayo. Ukipewa ofa ya maandishi, ficha jina na namba zako, uniwekee hapa kile kipengele cha muda baada ya rezidensi. Nitakisoma nikitoka zamu.