Mkuu wa kituo mnapangiwa, kamanda wa ulinzi mnamchagua wenyewe

Maswali ya wasomaji. Anajibu mtendaji wa kata mstaafu, mkazi wa Mwanza.

SWALI: Shikamoo mama mtendaji. Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji katika mji mdogo kando ya ziwa, upande wa Sengerema. Tulikuwa na mkuu wa kituo aliyetufaa sana, ukimpigia saa nane za usiku anapokea. Amehamishwa, na aliyekuja hata mkutano wetu mmoja hajahudhuria. Shemeji yangu yuko Marekani, jimbo la Minnesota. Anasema kwao baraza la mji ndilo linalomwajiri mkuu wa polisi, na fedha zikipungua wanavunja kikosi chao na kumlipa sherifu wa kaunti awalinde. Kwa nini na sisi tusimchague wetu? Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mwizi wa pikipiki hasubiri tena kivuko. Kukicha yuko Mwanza mjini.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa uenyekiti, kazi yenye posho ya kuokoteza na simu za usiku.

Shemeji yako hajakudanganya. Marekani hakuna jeshi moja la polisi. Kuna vyombo vya polisi karibu 18,000, na takribani nusu yake vina askari wasiofika kumi. Minnesota sherifu wa kaunti anapigiwa kura kila baada ya miaka minne, na mkuu wa polisi wa mji huteuliwa na wakubwa wa mji huo. Mji usiojiweza unasaini mkataba na sherifu, doria za saa kadhaa kwa malipo kadhaa. Muulize basi na upande wa pili: mkataba ukiisha bei inakuwaje, na gari la doria likiwa limeitwa mwisho wa kaunti wao wanamsubiri nani. Hata England na Wales walianza kuwapigia kura makamishna wa polisi Novemba 2012, na waliojitokeza walikuwa kama watu 15 katika kila 100. Kura peke yake haileti askari mlangoni.

Kwetu Jeshi la Polisi ni moja nchi nzima. Rais anamteua IGP, chini yake wanapangwa makamanda wa mikoa na wakuu wa polisi wa wilaya, hadi kwa mkuu wa kituo chako. Wewe huna kura hapo, diwani hana, na hata mkuu wa wilaya, anayeongoza kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, ana sauti tu.

Mnisamehe wasomaji wangu, mimi nusu ya mpango huu wa kuwahamisha wakuu wa vituo naupenda. Mkuu wa kituo akizeekea mwambaoni, kwanza anajua bei ya injini ya boti, halafu anamjua mwenye boti, halafu Krismasi na Idi anakula kwake. Siku kokoro, ule wavu uliokatazwa, likikamatwa mwaloni pale boti zinapoegeshwa, nani atashika kalamu? Nisichokipenda ni mtu kuondoka bila makabidhiano na wananchi. Anaondoka na kila kitu kichwani: nani hupokea nyavu za wizi, nani huleta kesi za kubumba, kijana gani alikuwa anatoa taarifa kwa siri na sasa hajui amwambie nani.

Hapo ndipo pa kupiga kelele, kwa adabu. Mwandikie mkuu wa polisi wa wilaya, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa DC. Barua isimseme vibaya mgeni, iombe kikao cha kutambulishana. Ulizeni pia mkaguzi kata wenu ni nani, yule askari aliyepangwa kwenye kata kwa kazi ya polisi jamii. Kata nyingi nilizopita, watu walijua namba ya fundi wa pampu na ya huyo hawakuijua. Na mgeni akija, msimweke mbele ya watu mia mbili ili azomewe kwa makosa ya waliomtangulia. Mpelekeni mwaloni asubuhi, dagaa wakianikwa, ajionee mwenyewe.

Sasa nikugeukie wewe. Barua yako ina kurasa mbili kuhusu mtu usiyeweza kumchagua. Kuhusu unayeweza kumchagua, kamanda wa ulinzi shirikishi wa kitongoji chako, hujaandika hata mstari. Ni nani? Alichaguliwa lini, na mkutano upi?

Jambo hili sisi wa Kanda ya Ziwa tunalijua kuliko tunavyojisifia. Wizi wa ng'ombe ulipowachosha wazee wa Unyamwezi na Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, bunduki za vita vya Kagera zikiwa zimezagaa, hawakungoja waraka kutoka Dar es Salaam. Walimchagua mtemi wao wa sungusungu, yaani walinzi wa jadi, na katibu na makamanda, na mwano, yowe la kuitana, ukipigwa kila mwanamume anatoka na upinde. Serikali ikaja kuwatambua kisheria mwaka 1989. Ng'ombe walirudi. Lakini wapo pia waliopiga watu hadi kuwatia ulemavu, na waliowaonea vikongwe kwa kuwaita wachawi, kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa jikoni. Anayechaguliwa kuwa kamanda ndiye anayeamua ni lipi kati ya hayo litatokea usiku wa kwako.

Kwa hiyo mchague kwenye mkutano wa hadhara, ila kwa karatasi, hata ziwe za daftari la shule. Kura ya kunyoosha mkono inaonekana na shangazi wa mwizi. Asiwe mpwa wako. Asiwe mwenye kilabu cha pombe, maana saa sita za usiku ndiyo saa yake ya mauzo. Awe mtu anayeweza kumkamata jirani yake na kumfikisha kituoni hapo hapo bila kumpiga. Sheria inaruhusu raia kumkamata mhalifu, haimruhusu kumwadhibu. Majina ya kikundi kizima yaende polisi yakaguliwe, na mafunzo muyadai.

Na zamu! Hapa ndipo vitongoji vya ziwani vinapokosea sana. Katibu anaandika majina kwa kufuata nyumba, wiki hii mstari wa kwanza, wiki ijayo wa pili. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, usio na mbalamwezi, kwa taa. Siku hizo za giza wanaume wa mwaloni wote wako majini, na mwizi anaijua kalenda hiyo vizuri kuliko katibu. Zamu ipangwe kwa kufuata mwezi wa angani. Usiku wa giza walinde wenye maduka, bodaboda, mafundi, walimu. Mbalamwezi ikitoka na mitumbwi ikipumzika, wavuvi wachukue zamu zao zote mfululizo. Daftari la zamu lilale kwa katibu, la fedha kwa mtu mwingine kabisa.

Kuhusu pikipiki na daraja: kamanda wako awe na namba za makamanda wa vitongoji vya barabarani hadi Busisi. Pikipiki ikiibwa, simu itangulie.

SWALI: Mama, tumechanga tofali, saruji na mchanga, boma la kituo cha polisi limefika lenta. Wenzangu wanasema kwa kuwa tumejenga wenyewe, tutachagua na askari wa kukaa humo. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Kikikamilika mnakikabidhi kwa Jeshi la Polisi, na wao ndio watakaoamua kiwe daraja gani na kipate askari wangapi. Nimewahi kuona boma zuri, limepauliwa bati jipya, mbuzi wamelala kwenye chumba kilichokusudiwa kuwa mahabusu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza mkuu wa polisi wa wilaya kabla ya kuchimba msingi. Simamisheni ujenzi hapo hapo kwenye lenta. Muiteni aje aone chumba cha silaha, mahabusu ya wanawake, choo. Aandike kwamba askari watakuja. Ulizeni pia watalala wapi, maana askari aliyepanga chumba kilomita nane kutoka kituoni hatawafaa usiku. Kama fedha ni ya jengo moja tu, mimi ningeanza na nyumba ya askari. Najua hamtanisikiliza, nyumba haina sherehe ya kukata utepe.

SWALI: Walinzi wa mtaa wamechukua redio ya mama yangu kwa sababu hajalipa shilingi 1,000 ya ulinzi ya mwezi. Wana haki?

JIBU: Hawana. Mchango wa ulinzi unakubaliwa kwenye mkutano wa wakazi na unakatiwa risiti. Anayegoma anapelekwa panapostahili kwa utaratibu. Hakuna mlinzi mwenye ruhusa ya kuingia ndani na kubeba redio, kuku wala sufuria. Nenda kwa mtendaji leo, mwombe aandike tukio, jina la aliyechukua na aina ya redio. Akisita, panda kwa mtendaji wa kata, kisha polisi. Mama alipe elfu yake, achukue risiti. Na redio ikirudi bila betri, andikeni hilo nalo.